Wanawake Arobaini na Sita Waliopongezwa

Mwalimu hakuketi. Aliweka karatasi kumi na moja juu ya meza ya mpelelezi, akazilinganisha kingo kwa viganja viwili kama anavyolinganisha madaftari ya wanafunzi, kisha akabaki amesimama, mkoba ukining'inia begani.

"Wiki iliyopita nilikuja peke yangu, ukaniambia mlalamikaji mmoja ni mwanzo tu," alisema. "Haya, leo tuko kumi na mmoja. Nifungie hilo duka."

Mpelelezi alikuwa mwanamke wa makamo. Katika Ofisi ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kila mtu alimwita Nukta, kwa sababu ripoti iliyokosa nukta aliirudisha kwa mwandishi wake. Alivaa miwani, akachukua karatasi ya juu.

Ilikuwa barua pepe iliyochapishwa. Juu palikuwa na picha ya soksi mbili ndogo za kusuka. Chini yake maneno machache: *Hongera mama! Zimebaki wiki tatu tu. Mwanao atavaa nini siku ya kwanza?* Kisha jina la duka la nguo za vichanga. Basi.

Mwalimu aliipokea siku ya kumi na mbili baada ya kumzika mtoto ambaye hakuwahi kulia.

Nukta alizipitia zote moja baada ya nyingine bila kuharakisha. Picha ni ile ile na maneno ni yale yale. Kilichobadilika ni idadi ya wiki. Huyu tatu, yule tisa, mwingine kumi na moja.

"Hizi wiki ni za kweli?" aliuliza. "Yaani, kama mimba ingeendelea?"

Mwalimu alimkazia macho. "Zangu ni za kweli. Wenzangu nao niliwauliza, na wote walisema hivyo hivyo."

"Na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kununua kitu hapo dukani?"

"Hata mlango wake siujui. Lakini nitaujua." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Mume wangu anasema nisamehe, nipumzike. Sitaki kupumzika. Nataka huyo mwenye duka aamke asubuhi moja akute mlango una kufuli la serikali, halafu aambiwe ni kwa sababu gani."

Nukta alijaza fomu kumi na moja za malalamiko, akazipiga mihuri, akampa Mwalimu nakala yake. "Nenda nyumbani, dada. Nitaanzia kwake."

*

Duka lilibanwa katikati ya mchonga funguo na mtengeneza simu. Ndani mlikuwa na cherehani mbili, rundo la vitambaa laini, na mwenye duka mwenyewe, mwanamke mnene mwenye tepu shingoni na chaki nyuma ya sikio. Mtaa mzima ulimwita Fundi.

"Karibu, dada! Ni kwa ajili ya mtoto wa kike au wa kiume?"

"Ni kwa ajili ya sheria," Nukta alisema, akatoa kitambulisho.

Fundi alisoma kitambulisho, akasoma na barua pepe. Alipofika kwenye neno *hongera* alikunja uso kama aliyeuma jiwe ndani ya wali.

"Maneno ni yangu," alisema. "Picha yangu, soksi nilizisuka mimi. Lakini hii sikuituma. Zamani kila mteja mjamzito nilikuwa namuuliza anatarajia lini, basi mashine inamtumia ujumbe yenyewe, inamhesabia wiki. Niliizima tangu mwaka jana."

"Kwa nini?"

Fundi aliinua mkasi, akaurudisha palepale. "Watu hawakuipenda."

"Watu gani?"

"Watu tu."

Nukta aliandika *watu tu* kwenye daftari, akapiga mstari chini yake. "Orodha yako ya barua pepe ina watu wangapi?"

"Kama mia mbili hivi. Wote wateja wangu."

"Nifungulie niione."

"Ah, kompyuta nimeipeleka kutengenezwa, dada yangu. Imeharibika tangu juzi."

Nukta alitazama ukutani. Waya wa chaji ulitoka kwenye soketi, ukateremka, ukapotelea chini ya rundo la flana. Akainua flana. Kompyuta ilikuwa pale, tena ya moto.

Orodha haikuwa na watu mia mbili. Ilikuwa na mia mbili tisini na tatu, na wale tisini na tatu wa mwisho waliingizwa siku moja, wakiandikwa kwa mtindo mmoja: *Mzazi wa*, kisha jina la mtoto.

"Hawa pia ni wateja?"

Fundi alikaa kwenye stuli taratibu. "Ni mkutano wa wazazi," alisema hatimaye. "Shule ya chekechea anayosoma binti yangu. Walipitisha karatasi ya mahudhurio, watu wakaandika majina na barua pepe zao. Ilipofika kwangu nikaipiga picha. Kila mtu pale ana mtoto mdogo, nikaona, jamani, kuna ubaya gani kuwakaribisha dukani?"

"Ubaya ni kwamba hawakukupa wewe. Waliipa shule, kwa ajili ya shule." Nukta alivuta kiti. "Nisikilize vizuri. Aliyenunua kwako akakupa anwani kwa mkono wake, mwandikie, mradi ni kuhusu bidhaa za aina ile aliyonunua, barua ioneshe ni wewe na uko wapi, na iwe na njia ya kukwambia basi. Asiyekujua humwandikii mpaka akubali kwanza. Ukiokota anwani njiani, au ukainunua, haiwi yako."

"Lakini biashara yangu ni ndogo, dada. Cherehani mbili tu!"

"Sheria haihesabu cherehani."

Fundi alifuta jasho kwa ncha ya tepu. Nukta aliendelea kutafuta. Alichapa anwani za walalamikaji kumi na mmoja, moja moja. Hakuna hata moja iliyokuwemo kwenye orodha. Kisha akafungua barua zote ambazo Fundi aliwahi kutuma, na hapo akatulia. Kila moja, hata zile alizowatumia wazazi wa chekechea, ilikuwa na mstari mdogo mwishoni: *Hutaki tena? Bofya hapa ujitoe.* Barua ya soksi haikuwa nao. Maneno yalinakiliwa yote mpaka herufi ya mwisho, mstari ule mmoja ukaachwa. Mtu anayesahau hasahau kwa usafi kiasi hicho.

"Nani mwingine ana neno lako la siri?"

"Hakuna. Wala sijaliandika popote. Ni jina la marehemu mama na mwaka aliozaliwa."

Kalamu ilimponyoka Nukta. Alipoinama kuiokota aliona chini ya rafu ya vitambaa. Rafu ilikuwa kibao cha zamani cha duka kilichogeuzwa juu chini, na rangi yake ya bluu bado ilisomeka: NYUZI MBILI.

Aliokota kalamu, akaichukua kompyuta kwa hati ya ofisi, akaaga.

*

Kampuni ya mtandao iliyokuwa ikisambaza barua za Fundi kwa wateja wake ilijibu barua ya kiofisi baada ya siku mbili. Mkuu wa kitengo, mzee mpole aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, alisimama nyuma ya kiti cha Nukta wakaisoma pamoja.

Mtu aliingia kwenye akaunti ya duka siku ya Alhamisi, saa nne na dakika moja asubuhi, kwa simu. Neno la siri alilipatia mara ya kwanza. Alipandisha orodha mpya. Saa nne na dakika sita alituma nakala moja ya kujaribu, na saa nne na kumi na mbili akatuma barua kwa watu arobaini na sita. Kisha akaifuta orodha na ile nakala, akatoka. Alichofuta kilipotea kwenye akaunti, lakini kampuni ilikuwa na kumbukumbu zake.

"Arobaini na sita," alisema Mkuu. "Waliolalamika kumi na mmoja. Wale thelathini na tano watakuwa walijifungua salama, wakaiona barua ni ya kawaida. Maskini, bahati mbaya tu imewaangukia hawa wengine. Mpe onyo kali huyo mwenye duka, tulifunge."

"Nakala ya kujaribu ilikwenda wapi, mzee?"

Mkuu aliinamia karatasi. Anwani ilianza kwa neno moja refu, *nyuzimbili*.

"Kwanza nataka kuwajua hao thelathini na tano," Nukta alisema.

"Waandikie basi."

"Sitawaandikia. Hawakuomba barua ya kwanza, wala ya pili hawajaiomba. Yuko mtu anayezijua tarehe zao, nitakwenda kwake."

Walalamikaji wote kumi na mmoja walikuwa wamehudhuria hospitali moja ya uzazi. Matroni wa pale alimpokea kwenye chumba chenye harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Alisoma hati ya upekuzi mara mbili, akatoa rejista na kalamu ya risasi.

"Nitajie, mwanangu."

Nukta alitaja anwani na jina la kwanza. Matroni akapekua.

"Huyu alipoteza." Alama ya kalamu. "Taja mwingine. Huyu naye alipoteza, miezi saba." Alama. "Huyu... ndiyo. Pacha." Alama.

Baada ya jina la kumi na mbili Matroni aliacha kusema. Nukta alitaja, rejista ikafunguka, kalamu ikakwaruza. Walikwenda hivyo, jina na mkwaruzo, jina na mkwaruzo, mpaka mwisho wa karatasi.

Matroni aliweka kalamu chini. "Hapa hakuna hata mmoja aliyetoka na mtoto."

"Kwa mwezi mnahudumia akina mama wangapi?"

"Mamia."

Nukta alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Mtu angechota anwani ovyo kutoka mamia yale, angepata wenye watoto wengi na wenye msiba wachache. Huyu hakuchota ovyo, alichagua. Na mwenye mtoto mikononi akipata picha ya soksi, huifuta, au huzinunua. Hapandi ngazi za ofisi ya serikali kushitaki. Aliyetuma alitaka watu watakaoshitaki.

"Mafaili haya, Matroni, nani anaweza kuyafungua?"

"Yakishafungwa huwa hayaonekani kwenye kompyuta za kawaida. Mpaka uyaombe kwa makusudi, na wenye ruhusa ni watatu tu. Mganga mkuu, ambaye yuko masomoni mwezi wa pili sasa. Mimi. Na karani wa masijala."

Nukta alitoka hadi kwenye korido, akampigia Fundi simu.

"Nyuzi Mbili walikuwa nani?"

Upande wa pili ilisikika cherehani ikizunguka, kisha ikasimama.

"Tulikuwa wawili," Fundi alisema. "Mimi na dada yangu. Yeye ndiye aliyenifundisha kushona."

"Na sasa yuko wapi?"

"Hatuongei." Fundi alipumua kwa nguvu. "Yuko hospitali ya uzazi. Masijala. Dada, tafadhali, usiniambie kuwa..."

Nukta alikata simu kabla sentensi haijaisha.

*

Masijala ilikuwa chini kabisa ya jengo, rafu kutoka sakafuni hadi darini, mafaili yamefungwa kamba za kijani na mengine za kijivu. Karani alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, aliyefunga vifungo vya mikono ya blauzi mpaka kwenye vifundo. Uso ulikuwa wa Fundi, ila umenyooshwa ukatolewa kicheko.

"Nilikutarajia wiki iliyopita," alisema. "Kaa."

Nukta hakukaa. Alimsomea haki zake zote bila kuruka neno. Karani alisikiliza kwa adabu, kama anayesomewa kitu anachokijua kwa moyo.

"Nimeelewa. Uliza."

"Neno la siri ulilipataje?"

"Mama yule alituzaa sote wawili. Mdogo wangu hajawahi kuwa na siri nyingine maishani."

"Orodha?"

"Nilifungua mafaili ya kamba za kijivu, ya waliopoteza. Yale ambayo tarehe zake za kujifungua zilikuwa bado mbele."

"Kwa nini?"

Karani alifungua droo, akatoa bahasha ya plastiki. Ndani yake mlikuwa na barua yenye nembo ya Ofisi ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mistari yake ilipigiwa wino mwekundu kwa rula.

"Mwaka jana nilikuwa na mimba," alisema. "Mdogo wangu alifurahi kuliko mimi. Alichukua tarehe yangu, akaniweka kwenye mashine yake. Mwanangu nilimzika Jumatatu. Alhamisi, saa nne asubuhi, simu ikalia. *Hongera mama, zimebaki wiki mbili.* Alisahau kunitoa. Alikuwa makaburini, amenishika mkono, halafu akasahau."

"Ulimwambia?"

"Nilimpigia simu saa ile ile. Akanijibu, 'Dada, hiyo ni mashine tu, usiikuze.' Baadaye aliizima. Huko kuizima ndiko alikokuita kuomba radhi." Alisukuma barua mbele. "Nikaja kwenu na fomu yangu. Miezi miwili nasubiri. Nikaletewa hii. Soma."

Nukta alisoma. Mlalamikaji mwenyewe ndiye aliyetoa anwani yake. Mlalamikaji alikuwa mteja wa duka husika. Ujumbe ulikuwa na njia ya kujitoa. Hakuna dalili kuwa wapo wengine walioathirika. Kwa hiyo hakuna kosa, na faili limefungwa. Chini palikuwa na saini, na mwishoni mwa saini nukta iliyobonyezwa sana, kama ilivyo kawaida yake mwenyewe; mafaili ya aina hiyo alifunga mengi mwaka ule, hili hakulikumbuka.

Aliisoma tena, safari hii kama fundi anayesoma kipimo. Wale arobaini na sita hawakutoa anwani wenyewe. Hawakuwa wateja. Njia ya kujitoa imeondolewa. Walioathirika ni wengi. Kila alichomwambia huyu mwanamke kuwa hakipo ili liwe kosa, Karani alikwenda akakitafuta, akakiweka.

"Sikukosea sheria," Nukta alisema. Sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyokusudia.

"Wala sijasema umekosea. Ulieleza vizuri sana. Nilijifunza."

"Na hao arobaini na sita? Walikukosea nini?"

"Hawakunikosea kitu." Karani alifunga droo kwa kidole kimoja. "Niliwahitaji."

Juu yao gurudumu la kitoroli lilipita likikoroma, likaishia mbali.

"Kila mmoja faili lake ulilifunga kamba wewe mwenyewe," Nukta alisema. "Kwa mkono wako. Uliwajua."

"Niliwajua wote."

"Ulijua itawafanya nini."

"Ningemtuma nani mwingine? Mimi nililia peke yangu, mkasema hakuna dalili ya wengine. Nikawaletea wengine." Alijiegemeza kitini. "Sasa niambie. Duka lake mnalifunga lini?"

Nukta alichukua fomu, akaanza kuijaza akiwa amesimama. "Duka halifungwi. Kwa kosa lake mwenyewe la anwani za shule atapewa onyo la maandishi, atafuta majina tisini na tatu mbele ya afisa wetu, na atawaandikia watu hao kuwaomba radhi. Kesho asubuhi atafungua mlango kama kawaida."

Hapo ndipo uso wa Karani ulipobadilika. Mkono ulikwenda kwenye bahasha ya plastiki, ukaikunja, ukaikunjua.

"Aendelee kushona?" alisema. "Yaani aendelee tu kushona?"

"Simu yako, tafadhali. Na funguo."

Karani alivitoa. Alisaini pale alipooneshwa, kwa mwandiko mzuri wa mtu wa masijala. Alipomaliza alishika ukingo wa fomu, hakuuachia.

"Hiyo barua yako uiandike humo. Usinifanye kichaa aliyeamka asubuhi moja akaanza. Andika nilikuja kwenu kwanza."

"Nitaiandika. Na kwa sababu saini ni yangu, faili hili kesho litakwenda kwa mpelelezi mwingine."

Aliandika hapo hapo, mbele ya macho yake, tarehe ya barua na jina la aliyeisaini.

*

Sheria ilimpa kila aliyeguswa haki ya kuambiwa ni nani aliyezichukua taarifa zake. Barua hizo zingeandikwa na mpelelezi mpya, kwa wale tu watakaotaka. Lakini jioni ile faili lilikuwa bado mkononi mwa Nukta, na Mwalimu alikuwa amekwisha kuuliza.

Alimkuta darasani, wanafunzi wameondoka, anafuta ubao. Nukta alikaa kwenye dawati la mbele, magoti yakigusa ubao wake wa kuandikia, akamweleza yote. Dada wawili, mashine, kaburi la Jumatatu, barua ya ofisi. Alipofika kwenye saini hakuficha ni ya nani.

Mwalimu alifuta mpaka ubao ukabaki mweusi mtupu. Kisha akageuka.

"Kwa hiyo naye alipoteza."

"Ndiyo."

"Mtoto wa miezi mingapi?"

"Minane na nusu."

Mwalimu alitikisa kichwa polepole. Nukta alidhani anakiona kitu kikilegea usoni pake, akangoja, kwani mara nyingi watu hulegea hapo.

"Yule wa duka, wiki zote hizi nimekuwa nikimlaani," Mwalimu alisema. "Nikilala namlaani, nikiamka namlaani. Ningeweza siku moja kumwachia. Hakujua. Mtu ambaye hakujua unaweza kumwachia." Alipangusa vumbi la chaki mikononi. "Huyu alijua. Katika dunia nzima hakuna aliyejua kuliko yeye. Aliishika ile barua kwanza, akaipima uzito wake, akajua inauma wapi, ndipo akanitumia mimi."

"Hakimu atazingatia kwamba..."

"Hakimu azingatie anavyotaka. Mimi nitakuwepo siku hiyo, na wenzangu kumi, na hao thelathini na tano wakikubali nitawakodia basi." Alivuta kiti chake cha mwalimu, na kwa mara ya kwanza tangu Nukta amfahamu, akakaa. Alitoa nakala yake ya fomu ya malalamiko mkobani, akalikata jina la duka kwa mstari mmoja ulionyooka.

"Nitajie jina lake," alisema, kalamu ikiwa tayari. "Taratibu. Nisikosee hata herufi."